Haya, Baba, Simama

Binti alikuwa akimbadilisha baba yake nepi pale mnadhimu wa chama, yule mwenye kazi ya kuhesabu kura za wabunge kabla hazijapigwa, alipoingia wodini bila hodi. Mgeni hakugeuza hata uso. Alivuta kiti akaketi.

"Tumepungukiwa na mtu mmoja," alisema. "Theluthi mbili haijatimia, na bila hiyo katiba haibadiliki. Muhula wa mkubwa ndio huo unakwisha."

"Baba hajasema neno tangu apooze."

"Hasemi, lakini kura anayo. Leo wanaoafiki wanasimama, wanahesabiwa. Basi."

"Na msimamo wake unaujua."

Nani asiyeujua? Huko bungeni walimwita Kigingi. Siku chache kabla ya kuanguka aliwaambia katiba si suruali, kila mkubwa akinenepa ikalegezwe kiuno. Binti, fundi cherehani, aliyasikia redioni akacheka mpaka akajichoma sindano. Sasa cherehani yenyewe ameshaiuza, dawa zimeila. Kibali cha kumpeleka baba kutibiwa nje, haki ya kila mbunge, kimelala mezani kwa huyuhuyu mnadhimu. Daktari naye kasema mshipa ukipasuka tena, wajiandae kuzika.

"Mchana nasaini, usiku mko kwenye ndege," mnadhimu alisema. "Mimi simlazimishi mtu, binti yangu. Mgonjwa ni wako."

Jicho zima la baba lilikuwa limemkazia binti, na lilisema hapana, tena waziwazi. Akajifanya hakuliona. Alimvalisha suti aliyomshonea kwa mikono yake, na mikono hiyo ikamwonea haya.

Bungeni walimruhusu aingie kama msaidizi wa mgonjwa. Wengine walipiga makofi kumpokea mzee. Spika akasoma hoja: kifungu cha ukomo wa mihula kifutwe. Wanaoafiki wasimame.

Kila siku kumwinua baba kulikuwa kazi ya kusaidiana. Binti huweka goti lake kwenye goti la baba, akapitisha mikono kwapani, akasema, "Haya, baba," naye mzee hujisukuma kwa mguu wake mzima. Leo mguu haukusukuma. Mkono mzima uling'ang'ania kiti cha magurudumu, mishipa ikasimama.

"Baba, nakuomba," alimnong'oneza. "Nitabaki na nani mimi?"

Hakulegea. Binti alimbandua vidole, kimoja kimoja, akamwinua. Mzee alikuwa mzito kama gunia lililoloa.

Katibu alipita na kalamu akihesabu. Alipomfikia Kigingi aliinamisha macho, akahesabu. Kichwa cha baba kililala begani kwa bintiye, mate yakimlowesha shingo, koo likikoroma kutafuta neno. Binti aliomba lisipatikane. Alijua ni dhambi, akaomba hivyohivyo.

Katibu akamwendea Spika, wakanong'ona.

"Waheshimiwa," Spika alisema, "hesabu imetupotea. Ketini wote, turudie."

Alimkalisha. Alikuwa akihema, na mawazo yakamwambia sasa mwache, bado hujachelewa, msukume mtoke nje. Mkono wa baba ulikuwa umesharudi kwenye kiti, umekamata.

"Wanaoafiki wasimame."

Mnadhimu alisimama bila kugeuka kuwatazama. Safari hii binti alianza na vidole.