Kiuno cha Baba

Mama yangu ni fundi cherehani, na magoti yalikuwa yameanza kumtesa. Daktari alimwambia apunguze uzito, la sivyo ngazi za nyumba yetu zingemshinda. Basi wali, mkate, viazi na sukari vikapigwa marufuku. Baba, ambaye hakuwa akiumwa hata ukucha, akatangaza kwamba naye anaacha wanga ili mkewe asiteseke peke yake.

Wiki za mwanzo mama alipungua haraka, akawa anawahubiria wateja wake habari za mayai na mboga za majani. Kisha mwili ukagoma. Alikula vilevile, akapunguza hata hicho kidogo, na mshale wa mizani ukaganda palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Muuguzi alimweleza kwamba kilo nyingi za mwanzo zilikuwa maji tu, kwamba mwili uliopungua huhitaji kidogo, na ukinyimwa hujifunza kubana matumizi. Asikate tamaa. Mama alirudi nyumbani akisema mwili wake ni bahili kuliko mama mkwe wake.

Baba yeye aliendelea kupungua. Kila mara mama alimpima kiuno upya na kumpunguzia suruali, pini mdomoni, akinung'unika kwamba mnyonge hana haki hata mbele ya mizani. Akambandika jina la Bwana Kijiti. Baba alicheka na kugeuka ili apimwe vizuri. Mimi binti yao nilicheka nao, maana nyumba yetu ilikuwa na siku nyingi haijapata furaha kama ile.

Jumamosi moja mimi na mama tuliwahi kurudi kutoka sokoni, tukamkuta baba jikoni anakula mkate na siagi, na chai yenye sukari. Mama akafura. Alimwambia yeye anashinda njaa, anaota viazi usingizini, kumbe mwenzake anakula kwa siri na bado anakonda. Baba hakujitetea. Alisema tu kwamba daktari amemwamuru ale chochote kitakachopita kooni.

"Daktari gani?" mama aliuliza.

Baba akasogeza sahani, akamweleza. Ni saratani ya kongosho, imeshasambaa, na hakuna cha kupasua. Alikuwa amejua tangu mama alipompunguzia suruali ya pili.

Mama alikaa sakafuni, na magoti yake hayo mabovu. Mimi nilibaki mlangoni na mfuko wa vitunguu mkononi. Nilimkasirikia baba, nasema kweli, kabla sijamhurumia.

"Mbona hukuniambia?" mama alisema. "Nimekutania muda wote huo. Nimekuonea wivu, mume wangu."

"Ndiyo maana sikusema. Kule hospitali kila mtu ananitazama kama maiti. Ni wewe tu uliyeniona mzima. Nilitaka uendelee kunionea wivu, hata kidogo."

Walilia pamoja pale jikoni, na mimi nikatoka nje nikalie peke yangu.

Kesho yake asubuhi baba alikuwa anavaa. Mama alimtazama kiunoni, akajifuta macho, akajaribu.

"Unaniringia tu," alisema, "wewe na hicho kiuno..."

Baba alisimama akashikilia suruali yake, akingoja amalizie, na mama hakuweza.