Shairi la Kikapu cha Nia

Mimi Justa wa Milanzi ni mshairi. Anayejua hivyo ni mimi peke yangu, na hilo ndilo linaloniua. Miaka kumi na tisa namsomea mume wangu Flavian vishairi vyangu vya mistari minne, naye ananijibu, "Sawa, chai iko wapi?" Nilitaka kitu kimoja tu: huyo mwanamume acheke.

Sasa, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa ni Mzee Polikarp, na mimi ndiye katibu wake. Mtu mwema, lakini akifumba macho kusali, ndiyo basi tena. Jumamosi moja wenzangu wanaandika nia zao za sala, mimi nikaandika yangu, bila jina, nikaikunja na kuitia kikapuni. Stefania, msomaji wetu, akaisoma kwa sauti yake ileile ya kanisani:

Mwenyekiti akisali,
hupoa hata ugali;
tulipanda, tumevuna,
hajatamka "Amina".

"Ee Bwana," tukaitikia wote kwa mazoea, "twakuomba utusikie."

Ndipo akili zikaturudia. Weee! Watu walicheka mpaka benchi likaanguka. Hata Flavian alishika mbavu. "Nani kaandika?" wakauliza. Najiandaa kusimama, Mzee Polikarp akanitangulia.

"Ni mimi," akasema. "Mtu lazima ajicheke."

Makofi! Eti mnyenyekevu, eti ana kipaji! Nikapandwa na hasira.

"Jamani, hilo shairi ni langu!"

Wakacheka tena. "Mama Gaudensi, acha wivu," Stefania akaniambia. Flavian akanivuta kitenge nikae. "Usiniaibishe. Wewe na mashairi wapi na wapi?"

Wakati wa kutoka nilimnyima Mzee shikamoo. Akanivuta pembeni.

"Mwandiko wa katibu wangu naujua," akaninong'oneza. "Sasa wamenipa nafasi kwenye sherehe ya mavuno. Nitungie jingine. Ila liwe fupi, mwanangu, watu wanachoka."

Yeye huyo! Kuniambia mimi!

Nilifika nyumbani nimenuna. Jembe langu lilikuwa mlangoni, limelika mpaka linakaribia mpini. La Flavian liko pembeni, jipya kabisa, maana kila msimu wa kulima yeye hushikwa na homa. Basi nikakaa chini, nikaandika.

Siku ya sherehe Mzee Polikarp akasimama mbele ya jumuiya zote, akakohoa, akasoma:

Mama jembe akishika,
baba homa humfika;
siku ya kula ugali,
homa imekwenda mbali.

Uwanja mzima ulilipuka. Flavian alicheka mpaka akaniangukia begani. Miaka kumi na tisa sijamwona hivyo. Nilifurahi, nisidanganye, na roho iliniuma palepale.

"Mama Gaudensi," akasema akifuta machozi, "hivi kweli kuna wanaume wa namna hiyo?"

"Muulize mshairi," nikamwambia.