Mkwaruzo Kifuani

Mume wangu Gelasius ni mwamba ngoma, na mwamba ngoma, kama wasemavyo, ngozi huivutia kwake. Mimi Msumbwa wa Ushirombo, yeye Msukuma wa Didia. Tumeishi miaka ishirini kwa utani, na nusu ya utani huo ni ugomvi wa kweli.

Mwaka 1981 nilikwenda Dar es Salaam na uvimbe kwenye titi la kushoto. Walilikata, kisha wakanichora kifuani kwa wino na kunilaza chini ya mashine ya mionzi kwa wiki tano. Mionzi haionekani wala haiumi ikikupiga. Nilirudi nimepona. Alama moja ya wino haikufutika, na Gelasius akaiita mhuri wa serikali.

Mwaka wa sita baada ya mionzi, wakati wa palizi, kifua kikaanza kuuma. Nikilala chali nachomwa. Nikikaa na kuinama mbele, napata nafuu. Basi nikawa nasinzia mchana kutwa barazani, nimekumbatia gunia la karanga. Siku zilipita kama ukungu. Niliona shamba la marehemu mama yangu likitembea kuja nyumbani, mabua ya mtama yakiniamkia shikamoo, nami nikiitikia marahaba. Ndoto hazikunitisha. Niliogopa jambo moja tu, kwamba uvimbe umerudi, ndiyo maana nikakataa hospitali. Nilimwambia Gelasius afadhali nife bila kujua.

Ajabu, hakubishana. Kila mchana aliacha ngozi zake, akaja kuweka sikio pale palipokuwa na titi. Alisema anasikia mkwaruzo kila moyo unapopiga, ngozi kavu ikisuguana na ngozi kavu. Alinuka ng'ombe na moshi. Niliupenda uzito wa kichwa chake kuliko dawa yoyote.

Wiki ya tatu mkwaruzo ukaisha, na maumivu yakapungua. Gelasius akachinja kuku, akawa anacheka peke yake jikoni. Mimi nikazidi kuelea. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na katika ndoto mama alikuwa amefika kizingitini, ananinyooshea mkono. Kusema kweli nilitaka kuushika.

Siku moja mvua ilinyeshea ngoma aliyoisahau uani. Gelasius akaipiga, isilie. Nilimwona amesimama mvuani, kiganja juu ya ngozi, hasogei. Kisha akaja mbio akaweka sikio kifuani mwangu. Baadaye aliniambia mapigo yalisikika mbali sana, kama mtu anatwanga kijiji cha pili.

“Mama Mbuke,” akasema, “hukupona. Umelowa. Kuna maji humo ndani.”

Nikamwambia aniache.

“Wewe hutaki kujua,” akasema. “Mimi je? Nikuzike, halafu nijiulize mpaka nife?”

Alikuwa analia, na sikuwa nimewahi kumwona akilia. Nikampa mkono wangu yeye badala ya mama.

Alinipakia kwenye baiskeli na kuisukuma hadi hospitali ya misheni. Daktari Valerian alinichoma sindano ndefu chini ya kifua, akavuta maji ya rangi ya chai, karibu bakuli zima. Nilihisi pumzi ikiingia hadi tumboni. Maji yalipelekwa kupimwa, na baada ya wiki mbili jibu likaja: uvimbe haumo. Daktari akatueleza kwamba mionzi iliyoua uvimbe iliupitia na moyo pia, ikauunguza mfuko unaouzunguka, na madhara yake yanaweza kungoja miaka. Mfuko huo umekakamaa, akasema, na unaweza kujaa tena.

Gelasius alielewa kabla yangu. Ngoma huoteshwa moto ili ilie, alisema. Moto ukizidi, ngozi hukakamaa, lakini bila moto ingeoza. Maneno mazuri hayo, ila kifua si chake. Nilikasirika, na siku nyingine bado nakasirika.

Asubuhi ya kwanza nyumbani maumivu yalirudi. Sikumwambia. Alikuja mwenyewe, akainama, akasikiliza, na nikaona uso wake unabadilika.

“Unakwaruza. Umekauka,” akasema, akaanza kucheka huku machozi yakinilowesha.

Nikatazama kizingitini. Hapakuwa na mtu. Kichwa chake kilikuwa kizito na kifua kiliniuma sana, nikamwambia asiinuke.