Kibati Nambari Kumi na Saba

Katika karakana ya mashine za reli kule Changamwe palikuwa na sheria moja ambayo hata fundi mlevi hakuthubutu kuivunja. Kabla hujaingia chini ya mashine, unatundika kibati chako kwenye wenzo wa kuwashia injini. Kibati chenyewe ni kipande cha bati cha duara, kimegongwa nambari yako. Kikiwa pale, hakuna wa kuwasha, na hakuna wa kukitoa ila wewe uliyekitundika. Kibati ni roho ya mtu, mafundi walisema, na roho haiazimwi.

Garama na Faki waliazimana.

Walifanya kazi pamoja miaka tisa, wakila sahani moja. Mashine yao ilikuwa kubwa kuliko zote, ile ya kushindilia kokoto chini ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli. Watu waliiita Kinu, na vile vyuma vyake vya kutwangia wakaviita michi. Basi kwa kuwa kupanda ngazi ya Kinu kulichosha magoti, wale wawili wakajifanyia utaratibu wao: atakayetangulia kuingia atundike vibati viwili, na atakayemaliza mwisho atoe viwili. Waliona wameshakuwa mtu mmoja.

Siku hiyo ya mwaka wa themanini na nane Faki alimaliza mapema. Garama alimwona akienda bombani kutawadha, maana adhuhuri ilikuwa imeingia. Naye akafunga nati yake ya mwisho, akapanda, akatoa vibati vyote viwili, akaenda kunawa. Hakujua kwamba Faki alikuwa ameisahau kofia yake chini ya Kinu, kwenye msumari, na kwamba amerudi kuichukua. Justus, dereva wa mashine, akapanda. Akautazama wenzo, akauona mtupu, akawasha, akateremsha michi.

Walipokuwa wakimtoa Faki, kibati chake kilikuwa mfukoni mwa Garama. Wakubwa wakaja na makaratasi. Wakamuuliza, "Kibati cha marehemu ulikiona?"

"Sikukiona," akajibu Garama.

Neno moja tu. Wakaandika kwamba marehemu aliingia chini bila kutundika, kosa ni lake. Tangu hapo kila fundi mgeni akipokea kibati chake, msimamizi Mutua alimwambia, "Usiwe kama Faki." Ikawa methali ya karakana.

Justus hakupanda mashine tena. Aliomba kazi ya kufungua lango, akapewa.

Na kila mwaka ilipofika siku ile, Mwanarehema, mjane wa Faki, alivuka kwa feri kutoka Mtongwe akiwa na sinia la mkate na birika la kahawa. Aliwaandalia mafundi, kisha akamwendea Justus pale langoni, akamwambia, "Babangu Justus, mume wangu alikutia mikononi jambo ambalo hukulitaka. Nakuombea radhi kwa niaba yake. Msamehe, asiwe na deni lako huko aliko." Justus alitikisa kichwa tu, macho chini. Na Garama alikuwa ameketi hatua kumi kutoka pale, akiumega mkate wake.

Kile kibati alikificha katika sanduku lake la vyombo, chini ya kopo la grisi. Lakini hakikutulia. Kila adhuhuri, karakana ikishanyamaza kwa chakula, Garama alisikia bati likigonga chuma: ti, ti, ti, kama linalopeperushwa na upepo kwenye wenzo. Alikuwa akipanda kutazama. Wenzo ulikuwa mtupu. Mara tatu alikichukua kibati akitupe baharini, akiwa juu ya feri, na mara tatu vidole vyake vilikataa kufunguka.

Mwaka wa tisini na nne Kinu kiliuzwa kiwe chuma chakavu. Ilibaki kuwashwa mara moja tu, michi iinuliwe, ndipo trekta likivute nje. Garama ndiye aliyetumwa kuingia chini kufunga mpira wa mafuta uliopasuka. Asubuhi hiyo alikitia kibati cha Faki mfukoni pamoja na chake. Alinuia kukisukumia ndani ya tumbo la Kinu, kiende kikayeyushwe huko, yaishe.

Alipanda, akatundika, akaingia chini. Alipotia mkono mfukoni kutafuta cha Faki, mfuko ulikuwa mtupu.

Hapo akasikia juu yake: ti, ti, ti.

Akatoka akitambaa, jasho likimwingia machoni. Kwenye wenzo vilining'inia vibati viwili, chake thelathini na moja na cha Faki kumi na saba, vikigongana. Mkono wake ulikuwa umetundika viwili, kama zamani.

"Wewe Garama!" Mutua alipiga kelele kutoka chini. "Umemaliza? Toa hiyo kibati, trekta iko hapa inangoja!"

"Vipo viwili."

"Toa zote mbili, basi! Ama unataka tukuletee chai huko juu?"

Mafundi wakacheka. Garama alinyoosha mkono, ukasimama hewani. Siku ile alivitoa viwili, mtu akafa.

"Hiki kimoja si changu," alisema. "Ni cha Faki. Alikitundika siku ile. Mimi ndiye niliyekitoa."

Kicheko kikakatika. Justus alikuwa ameacha lango, akaja pole pole hadi kwenye ngazi.

"Mimi niliangalia," Justus alisema, akiwatazama wote mmoja mmoja. "Niliwaambia niliangalia. Imefika mahali hata mimi najishuku, nafikiri labda kilikuwepo, na mkono wangu ndio ulikitoa."

Mutua alivua kofia, akajikuna kichwa. "Sasa mwenyewe amekufa. Nani atakitoa?"

"Mkewe," alisema Justus.

Gari likaenda Mtongwe. Mwanarehema alifika alasiri, leso kichwani, akiwa amekwisha kuambiwa njiani. Alipanda ngazi peke yake, akakishika kibati, akakisoma nambari kwa kidole. Kisha akamgeukia Garama.

"Mkate wangu uliula."

"Niliula, dada."

"Miaka sita ukinisikia nikimwomba huyu radhi."

"Nilikusikia. Nisamehe."

"Usinitangulize mie. Anza na Justus. Kisha twende Mtongwe, ukaseme mbele ya watu, mchana, kama mie nilivyoambiwa mbele ya watu kwamba mume wangu alijiua kwa uzembe. Ukishasema, ndipo utaniuliza."

Garama aliteremka. Aliyomwambia Justus aliyasema kwa sauti ndogo, na Justus hakumpa mkono, lakini alimfungulia lango. Wakatoka, mjane mbele na kibati kiganjani, Garama nyuma.

Mutua akapanda kuwasha. Akausogelea wenzo, kisha akaurudisha mkono wake kifuani. Nambari thelathini na moja ilikuwa bado imening'inia. Garama alikuwa amekisahau kibati chake.

"Zimeni hiyo trekta," Mutua alisema. "Tutamngoja mwenyewe."