Zamu za Maji Zilizofutika Kila Jumatatu

Kwa Jumatatu ya tatu mfululizo, Coletha alifungua tovuti ya jumuiya ya watumia maji akakuta orodha ya zamu haipo. Ijumaa aliiweka kwa mkono wake mwenyewe. Nje ya ofisi wakulima wawili wa Singe walikuwa wameshaanza kugombana, kila mmoja akidai mfereji leo ni wake.

“Ni Baba Ritha huyu,” alijisemea. “Hakuna mwingine.”

Baba Ritha, yaani Aminiel, ndiye aliyekuwa katibu kabla yake, na tovuti aliitengeneza yeye. Miezi miwili iliyopita wanachama walimwondoa kwa kura, akatoka mkutanoni bila kuaga. Coletha alikuwa amebadilisha neno la siri mara mbili, na bado orodha ilitoweka, tena saa kumi na mbili asubuhi kamili. Wiki iliyopita uvumilivu ulimwisha, akaiambia kamati kwamba mzee anawahujumu. Tangu hapo watu wakikutana na Aminiel sokoni wanageuza uso.

Sasa alitaka ushahidi. Akabeba kompyuta hadi Bagara kwa Rahma, fundi anayeaminika.

Rahma alipekua kwa muda, kisha akacheka kidogo. “Dada, hakuna mtu aliyeingia. Tovuti inajifutia yenyewe. Kuna kazi zimepangiwa saa humu. Hii, kila Jumatatu, inaondoa tangazo lolote lililozidi siku thelathini.”

“Lakini mimi naliweka upya kila wiki!”

“Unarudisha lilelile, na tarehe yake ya zamani. Katibu wa zamani nadhani alikuwa anaandika jipya kila mwezi.”

Coletha aliona haya. Amemsingizia mtu mzima wa watu. Alikuwa ameshanyanyuka aende kumwomba mzee radhi, Rahma alipomshika mkono.

“Subiri. Ipo nyingine.”

Kila Ijumaa tovuti nzima ilinakiliwa, pamoja na majina na namba za simu za wanachama wote, na nakala kutumwa kwa barua pepe. Anwani ilikuwa ya Aminiel.

Alimkuta nyumbani kwake Maisaka, akipukuchua mahindi.

“Shikamoo, Baba Ritha.”

“Marahaba.” Hakumkaribisha kiti.

Coletha alieleza yote, na la kumsingizia kufuta orodha akaliombea radhi. Kisha akauliza, “Nakala za Ijumaa unazifanyia nini?”

“Kompyuta ya ofisi iliwahi kuungua, tukapoteza kila kitu. Nikapanga ziwe zinakuja kwangu. Mliponitoa hakuna aliyeniuliza habari za tovuti.”

“Ungesema.”

“Nilikuwa na hasira, mwanangu.”

Coletha alimtazama machoni, asijue kama hayo ndiyo yote. Alimwomba azifute pale pale. Aminiel akapangusa mikono, akatoa simu, akazifuta moja baada ya nyingine huku Coletha akihesabu. Zile zijazo Rahma alikuwa ameshazielekeza kwenye anwani ya jumuiya.

Alhamisi, mbele ya kamati, Coletha alisema yote mawili: kwamba mzee hakufuta orodha hata siku moja, na kwamba nakala zilikuwa zikienda kwake. Mjumbe mmoja akauliza, “Tutajuaje hakubakiza nyingine?”

“Hatutajua,” Coletha alijibu. “Lakini la kumwita mhujumu nilikosea mimi, na sokoni nitalisema mwenyewe.”

Aminiel, aliyealikwa na kukaa karibu na mlango, aliinamisha kichwa, na safari hii hakutoka.