Bondo la Teodora na Mbwa Aitwaye Madamu

Ninayoeleza hapa ni kweli yote, mwanzo mpaka mwisho, sijatia chumvi hata ya kuonjea. Anayebisha aje Kirumba aulize kwa Mzee Mayala, ndiye mimi, niliyekuwa mpima pamba kwenye kinu kwa miaka thelathini na moja. Mtu aliyeshika mizani muda wote huo hawezi kudanganya. Hata nikitaka, ulimi unagoma.

Nina mbwa wawili ndani ya nyumba yangu. Sikusema uani, nimesema ndani. Sisi tuliokulia Usukumani tunajua mbwa analala nje, anachunga ng'ombe, anakula alichotupiwa na anatingisha mkia. Hawa wawili waliletwa na binti yangu Odeta alipohamishiwa kazi Songea. "Baba, ni miezi miwili tu," akasema. Huu ni mwaka wa pili. Wa kiume anaitwa Kanali, wa kike anaitwa Madamu. Ukubwa wao ni kama wa kuku aliyenyeshewa, manyoya meupe, macho kama vifungo vya koti, na wanatembea kwa maringo ya mgeni rasmi aliyecheleweshwa kukaribishwa.

Wananichefua. Kanali anakojolea kiatu changu, na ni cha kushoto tu, kila asubuhi, kama mtu anayesaini kitabu cha mahudhurio. Madamu hataki maji ya bakuli, anataka chai yangu. Nikigeuka kidogo nakuta unywele mweupe unaelea kikombeni, naye anajilamba pua. Wote wawili wakiokota utumbo wa sangara ufukweni, ule uliooza mpaka nzi wenyewe wanausogelea kwa tahadhari, hawauli. Wanajipaka! Wanaanza na shavu, wanakuja shingo, halafu wanalala chali na kugaagaa wakifumba macho kwa utamu. Wakimaliza wanakuja kulala kwenye mto wangu. Mara mbili nimeamka na gamba la samaki limegandia kwenye ndevu.

Uzuri wao ni mmoja. Rebeka, mke wangu, aliacha kusikiliza hadithi zangu zamani sana, lakini Madamu husikiliza. Anakaa, anainamisha kichwa upande, na haondoki mpaka nimalize. Basi, nimeusema uzuri huo, tuendelee.

Kwa sababu ya hicho kichwa kilichoinama, nilijisifu mtaani kwamba nimemfundisha adabu kwa mkono wangu, bila kitabu wala mtaalamu. Nikasema niliwahi kumwekea dagaa watatu juu ya pua akakaa nao toka kifungua kinywa mpaka adhana ya alasiri, hajawagusa. Watu walisikia, na jirani yangu Teodora alikuwa mmoja wao.

Teodora anakausha mabondo. Bondo ni kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa sangara. Zamani tulikitupa pamoja na utumbo. Siku hizi bondo kubwa lina thamani kuliko samaki lilimotoka. Teodora anayanunua sokoni Mwaloni yakiwa mabichi, anayaosha, anayatandaza juani kwenye vichanja vya nyavu uani kwake, mpaka yawe magumu na ya manjano kama soli ya ndala. Yakishakauka yanasafirishwa huko mbali. Anayeyageuza na kuyalinda ni Zakia, mama wa watoto wawili, mwanamke asiye na maneno mengi. Kazi hiyo ndiyo inayowalisha.

Alhamisi moja, jua la utosi, Zakia alinikuta nimeketi kwenye kigoda karibu na vichanja, Madamu miguuni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Niangalizie hapa nikaswali. Sichelewi. Lakini huyo mbwa je?"

"Madamu? Huyu hata ukimwachia bucha anakulindia."

Zakia akakusanya kanga yake na kupita mbali naye, maana mate ya mbwa yakimgusa nguo ana kazi ya kuosha mara saba kabla ya swala. Akaenda. Mimi nikaanza kumsimulia Madamu habari ya mwaka ule nilipopima gunia la pamba nikakuta ndani yake mna mwizi, mke wa mwizi na redio inayoongea. Nilipofika penye utamu nikafumba macho ili nikumbuke vizuri.

Nilipoyafumbua, bondo kubwa kuliko yote lilikuwa linaning'inia mdomoni mwa Madamu kama ulimi wa fisi. Alikuwa amenipanda mimi: tumbo, bega, kichwa, halafu kichanja. Nyayo zilikuwa kwenye shati langu, zenye tope na harufu ambayo sitaitaja. Nikashika ncha moja, yeye kakaza nyingine. Mimi nina kilo themanini na mbili, yeye tatu na nusu, nilimpima mwenyewe. Alinikokota mpaka ukutani mwa choo, akinguruma, povu likinirukia mkononi, Kanali akibweka pembeni kama mshabiki aliyeingia uwanjani bila tiketi. Nikalegeza kidogo nibadilishe mkono. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Likapita lote. Niliona kabisa linavyoteremka kooni kwa nje, kidogo kidogo, kama mtu anayepitisha godoro mlangoni.

Kisha akaenda kwenye beseni la Zakia akanywa maji yote.

Bondo kavu likikutana na maji linavimba. Hilo kila mtu wa Mwanza analijua, isipokuwa Madamu.

Teodora aliingia wakati huohuo, na hakuniamkia. Hapo nikajua ameshaona. Yeye anayajua mabondo yake kwa sura.

"Lile kubwa liko wapi?"

Zakia alikuwa anarudi kutoka kuswali. "Nilimwachia babu, dada."

Wakanitazama wote wawili. Ningeweza kusema nililala. Lakini ningemwangaliaje Teodora usoni, baada ya ile habari ya dagaa watatu?

"Ni korongo," nikasema. "Wale wenye upara na mfuko shingoni. Ametua hapa, mabawa yake yamefunika jua mpaka kuku wa Rebeka wakaingia bandani kulala. Nimempiga kwa kigoda, kigoda kikadunda. Ameondoka nalo kuelekea Nansio."

"Korongo anameza vitu laini, Mzee Mayala. Bondo kavu atalitafuna kwa meno gani?"

"Huyu alikuwa nayo."

Teodora hakucheka. Akamgeukia Zakia. "Fungua mkoba wako."

Zakia akaufungua. Mlikuwa na kitana, andazi nusu na kipande cha sabuni.

"Wewe unajua huyu mzee husinzia. Ukamweka makusudi, ukalipitisha juu ya ukuta. Kusanya vitu vyako. Kesho usije."

"Dada, wallahi sijaligusa. Wanangu wanakula hapa."

"Na mimi nakula wapi?"

Zakia akaufunga mkoba ule, akautia kwapani. Nikasema moyoni, Mayala, sema sasa hivi. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni habari za korongo wa pili, aliyekuwa mlinzi wa yule wa kwanza.

Hapo Madamu akatokea kwenye kona ya choo. Alikuwa mviringo. Miguu ilikuwa inagusa ardhi kwa shida, inachezacheza pembeni kama ya kobe aliyebebwa. Teodora akainama kumtazama.

"Huyo mbwa ana mimba?"

"Anayo," nikasema haraka.

"Ya lini?"

"Toka... toka asubuhi."

Rebeka alikuwa anaanika nguo upande wetu. Akachungulia juu ya ukuta, kibanio cha nguo mdomoni. "Baba Odeta, mbwa huyo amefungwa kizazi. Wewe ndiye uliyempeleka kwa daktari wa mifugo, ukarudi unalia kuliko yeye."

Madamu akakohoa. Mwili wake wote ukajikunja kama kitambaa kinachokamuliwa, akaja mpaka miguuni pangu, kwa heshima zote, akatapika juu ya kiatu changu cha kulia, kile ambacho Kanali hukiacha. Lilitoka bondo, laini, jeupe, limevimba kama mto wa mtoto, limevikwa ute wa kijani. Limeandamana na ugali wa jana, kifungo cha shati langu na vichwa vya dagaa visivyohesabika. Mvuke ulikuwa unapanda. Teodora alijifunika pua kwa kitenge, Zakia akageukia ukuta. Halafu, msiamini kama hamtaki, yule mbwa akaanza kulila upya. Tulimnasua mimi na Rebeka, na bado alinipiga jino kidoleni.

Teodora akashusha kitenge.

"Mzee," Teodora akasema, sasa kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ile ya juu, "usiniambie mimi. Mwambie Zakia."

Nikasimama mbele ya Zakia na kiatu kile. "Nililala, mjukuu wangu. Mbwa wangu ndiye aliyelila. Hukuchukua kitu. Korongo hakuwapo."

"Na wa pili?" Rebeka akauliza kutoka ukutani.

"Naye hakuwapo."

"Nimesikia, babu," Zakia akasema. Basi. Hakunipa tabasamu wala tusi. Tusi ningelipenda zaidi.

Teodora akamwomba radhi palepale, kwa kumshika mikono yote miwili. Kisha akanikatia hukumu yangu. Zakia atapumzika kwao wiki mbili, ujira wake pale pale kama kawaida, na vichanjani nitakaa mimi, toka jua linapotoka mpaka linapozama, bila kigoda. Lile bondo nilizike mwenyewe, kwa mikono, kwa kina ambacho Madamu hafiki. Nilichimba mara tatu.

Leo ni siku ya sita. Nimesimama juani na ufito mkononi. Nzi wananitembea kwenye midomo, harufu imeshaingia kwenye mswaki wangu, na nikila ugali naona ute wa kijani. Nikimsimulia mtu chochote anaondoka kabla ya katikati. Madamu yuko upande wa pili wa ukuta, kafungwa kamba, ananibwekea kana kwamba ni mimi niliyekula.

Adhuhuri Zakia alipita na mwanawe wa pili mgongoni, akanisalimia, nikaitikia. Akavikagua vichanja kimya kimya, akanyanyua bondo moja na kulitazama upande wa chini.

"Huku hujageuza, babu."

Nikageuza.