Mama Kidoti na Hesabu za Jumamosi

Kazi ya Mama Kidoti ilikuwa kupanga vigae. Pembe alizijua kwa mikono. Sakafu ikipinda, alikuambia imepinda wapi kabla hujatoa kipimo. Ndiyo maana, alipojiunga na darasa la watu wazima akiwa na miaka thelathini na tisa, jometri haikumsumbua. Takwimu ndizo zilizomtoa jasho.

Jumamosi moja mchana alitoka darasani, akakaa mezani na bintiye, Kidoti, aliyekuwa kidato cha pili. Swali lilitaja dakika ambazo wanafunzi tisa hutembea kwenda shule: 15, 7, 24, 9, 4, 15, 12, 7, 15.

"Mediani ni namba ya katikati," alisema Mama Kidoti. "Nne. Tumemaliza."

Kidoti alicheka mpaka akashika tumbo. "Mama! Hujazipanga! Anza na ndogo, malizia na kubwa, ndipo uchukue ya katikati."

Akazipanga. Ikatoka kumi na mbili. Akatafuta wastani, nao kumi na mbili! Akapiga meza kama aliyefunga goli. Wakahamia kwenye pembetatu ndani ya nusu duara, na sasa mama akawa ndiye mwalimu, bikari mkononi.

Baba Kidoti aliingia bila salamu. Alikuwa makanika, mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Mwaka ule alishampiga mkewe mara tatu, na mara zote mke aliwaambia majirani ameteleza kwenye vigae. Fundi vigae mzima! Hakuna aliyemwamini, ila walinyamaza.

Akalifungua daftari la mkewe. Chini ya zoezi la wiki iliyopita mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Safi sana. Usikate tamaa. Tuonane Jumamosi."

"Muonane wapi?"

"Darasani, Baba Kidoti. Wote kawaandikia hivyo hivyo."

"Hao wote ni wake zangu?"

Akalichana daftari vipande viwili. Mkewe alipojaribu kumnyang'anya, alikula kofi lililompasua mdomo. Bado akaweka kiganja juu ya kipande kilichobaki mezani, akakikandamiza. Mume akaiokota bikari, akaishindilia kwenye mkono ule. Ncha ikapita katikati ya mifupa, ikakita kwenye mbao.

Kidoti akamrukia baba yake mgongoni, akamng'ata sikio. Baba akamtupa ukutani. Kichwa cha mtoto kikagonga ko! Akaanguka, akatulia.

Mama Kidoti aliing'oa bikari mwenyewe. Chini ya meza kulikuwa na mfuko wake wa kazi, na ndani yake nyundo ya mpira, ile ya kugongea vigae polepole visipasuke. Siku hiyo hakugonga polepole. Alianza na goti. Mume alipokwenda chini, akampiga bega, kisha taya, na damu ya kiganja chake ikawarukia wote wawili.

"Basi, mke wangu," mwanamume alikoroma. "Basi."

Hakusikia basi. Aligonga mpaka jirani yao, nesi, alipoingia mbio na kumkumbatia kiuno kwa nyuma, akimburuta huku nyundo bado inapepea hewani.

Kidoti alizinduka njiani kwenda hospitali, akatapika, akashonwa nyuzi sita. Polisi walimshikilia mama siku mbili. Nesi aliwaeleza yote aliyoyasikia kupitia ukuta miezi yote ile, wakamwachia. Mume alitoka wodini na taya iliyofungwa waya, akaingia mahabusu, na baadaye akahukumiwa miaka miwili. Vidole viwili vya Mama Kidoti havikujikunja tena vizuri, lakini alinunua daftari jipya, akarudi darasani, na mtihani wa hesabu akaupasua.

Siku moja baada ya chakula cha mchana, wakiosha vyombo, Kidoti alimuuliza, "Nesi asingekuja, ungeacha?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa mama, mtamu na rahisi, lakini mtoto alikuwa anamkazia macho.

"Hapana, mwanangu."

Kidoti akaendelea kusuuza vikombe. Tangu siku hiyo akawa anafanyia hesabu zake chumbani, mlango umefungwa, na mama yake hakuthubutu kubisha.